Viongeza Utamu Bandia na Afya: Mwongozo wa Kuvichagua, Kuvipima na Kuvipunguza

Viongeza utamu bandia ni viungio vya chakula ambavyo hutoa ladha tamu bila sukari, na kwa kuwa utamu wake ni mkali mno, kiasi kidogo sana hutosha kufanya kazi ambayo ingehitaji vijiko vingi vya sukari. Hupatikana katika soda zilizoandikwa kuwa hazina sukari, unga wa juisi unaouzwa kwa pakiti ndogo, chingamu, yogati zenye ladha ya matunda, dawa za maji za watoto, na vidonge vidogo ambavyo watu wenye kisukari hutia katika chai. Mwongozo huu unaeleza vitu hivyo ni nini, utafiti umegundua nini kuhusu athari zake, na namna mtumiaji wa kawaida anavyoweza kuvitumia bila kuogopa kupita kiasi na bila kuviamini kupita kiasi.

Aina zake na safari yake mwilini

Kiongeza utamu cha kwanza kutumika kwa wingi ni sakarini (E954), iliyogunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Utamu wake ni takriban mara 300 ya ule wa sukari, nayo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo pasipo kubadilika. Siklameti (E952), iliyogunduliwa mwaka 1937, ina utamu wa mara 30 hadi 50 tu, na kwa sababu ni rahisi kuitengeneza huchanganywa mara nyingi na sakarini ili kufunika ladha ya uchungu ambayo sakarini huiacha ulimini. Aspatemu (E951) iligunduliwa mwaka 1965, asesulfemu-K (E950) mwaka 1967, na sukralosi (E955) mwaka 1976; mbili za kwanza zina utamu wa takriban mara 200, na sukralosi takriban mara 600.

Kando ya hizo zipo stevia (E960), inayotolewa katika majani ya mmea wenye asili ya Paraguay ambao siku hizi hulimwa hata Kericho nchini Kenya, na kundi la polioli, yaani sukari zilizobadilishwa kikemia kama sorbitoli (E420), zailitoli (E967) na erithritoli (E968). Stevia hutangazwa kuwa ya asili, lakini inayofika dukani imesafishwa kiwandani, na Shirika la Afya Duniani, WHO, huiweka katika kundi moja na viongeza utamu vingine linapotoa ushauri wake. Polioli ni kundi tofauti, kwa kuwa nyingi zake bado zina nishati, ingawa ni kidogo kuliko ya sukari, na kiasi kikubwa cha sorbitoli au maltitoli (E965) hujaza tumbo gesi na kusababisha kuhara.

Viongeza utamu hufanya kazi kwa kushikamana na vipokezi vya utamu vilivyo ulimini, vile vile ambavyo sukari hushikamana navyo, isipokuwa vyenyewe hushika kwa nguvu zaidi. Tofauti kubwa hutokea baada ya kumezwa. Sukari huvunjwa na kuingia katika damu kama glukosi na fruktosi, ilhali sehemu kubwa ya sukralosi hupita tumboni na kutoka na kinyesi, na asesulfemu-K hutoka katika mkojo kama ilivyoingia. Aspatemu peke yake ndiyo inayovunjwa kabisa, ikatoa asidi mbili za amino, yaani fenilalanini na asidi ya aspatiki, pamoja na methanoli kidogo. Methanoli hiyo imezua hofu nyingi, lakini kiasi chake hakifiki sehemu 1 ya 9 ya uzito wa aspatemu yenyewe, na juisi za matunda na za nyanya nazo huleta methanoli mwilini kwa asili yake.

Utafiti umeonyesha nini

*Saratani.* Hofu ya saratani ilianza na sakarini, pale panya waliolishwa dozi kubwa walipopata uvimbe wa kibofu cha mkojo, na kuanzia mwaka 1977 bidhaa zenye sakarini nchini Marekani zikalazimika kubeba onyo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba uvimbe ule ulitokana na hali ya mkojo wa panya dume, ambamo chembe ngumu hujitenga na kukwaruza kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu. Kwa hiyo sakarini iliondolewa katika orodha ya visababishi vya saratani ya Marekani mwaka 2000.

Mwezi Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ilhali ushahidi wake ni mchache. Uainishaji huo hupima nguvu ya ushahidi tu, wala hauelezi ni kiasi gani cha kitu kinaweza kumdhuru mtu. Kazi ya kupima kiasi hufanywa na kamati ya pamoja ya wataalamu wa viungio vya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na WHO, na kamati hiyo, iliyotoa uamuzi wake siku hiyo hiyo, haikuona sababu ya kubadili kiwango kilichokuwapo. Mtu aliyesoma tangazo la kwanza bila la pili alibaki na nusu ya habari. Hata hivyo suala halijafungwa, kwa maana utafiti uliofuatilia zaidi ya watu wazima 100,000 nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba waliotumia viongeza utamu kwa wingi walipata saratani kwa asilimia 13 zaidi ya wasiovitumia.

*Uzito na kisukari.* Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutulia zaidi, kwa sababu wengi hununua vinywaji hivi kwa nia ya kupunguza unene. Tarehe 15 Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitumie viongeza utamu visivyo na sukari kama njia ya kudhibiti uzito. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha kwamba watu waliopewa viongeza utamu walipungua kwa wastani wa gramu 700 hivi, hasa pale vilipochukua nafasi ya sukari; lakini tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi hazikuona unafuu wa kudumu, bali zilikuta kwamba watumiaji walipata zaidi kisukari cha aina ya 2 na magonjwa ya moyo.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba viongeza utamu ndivyo vilivyowaumiza, kwani mtu ambaye tayari amenenepa, au ambaye daktari amemwonya kuhusu sukari, ndiye anayekimbilia soda isiyo na sukari, na ugonjwa unaompata baadaye unaweza kuwa ulianza zamani. Kwa sababu hiyo WHO iliuita ushauri wake wa masharti. Kinachothibitika ni kidogo zaidi, lakini kina uzito: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kubadilisha aina ya utamu peke yake humpunguza mtu mwili kwa muda mrefu.

*Utumbo na bakteria wake.* Utumbo wa binadamu una bakteria wengi wanaosaidia kusaga chakula na kulinda mwili. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel waliwapa watu wazima wenye afya sakarini, sukralosi, aspatemu au stevia kwa wiki 2, kwa viwango vilivyo chini ya vile vinavyoruhusiwa, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2022 walionyesha kwamba viongeza utamu vyote vinne vilibadili bakteria wa utumbo, ilhali sakarini na sukralosi zilidhoofisha uwezo wa mwili wa kushusha glukosi katika damu. Athari hiyo haikuwa sawa kwa kila mtu, na wiki 2 ni muda mfupi. Lakini jaribio hilo lilitikisa imani ya zamani kwamba vitu hivi hupita mwilini bila kugusa chochote.

*Moyo na meno.* Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, waliripoti kwamba watu wenye erithritoli nyingi katika damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwamba erithritoli huongeza wepesi wa chembe sahani kugandisha damu. Kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kidogo, utafiti huo hautoshi kuitia hatiani, ila unatosha kumfanya mgonjwa wa moyo aiepuke kwa wingi. Kwa upande wa meno habari ni njema kwa kiasi: bakteria wa kinywani hawawezi kugeuza viongeza utamu kuwa asidi inayotoboa meno kama wanavyofanya kwa sukari. Lakini asidi iliyomo ndani ya soda yenyewe huendelea kula tabaka la nje la jino, iwe soda hiyo ina sukari au haina.

Namna ya kupima kiwango

Kila kiongeza utamu kilichoidhinishwa kina kiwango cha kila siku kinachokubalika, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kutumia kila siku ya maisha yake bila madhara yanayotarajiwa. Kiwango hicho hupatikana kwa kuchukua dozi ambayo haikudhuru wanyama wa maabara na kuigawa, kwa kawaida kwa 100, nacho hutajwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Viwango vya kamati ya FAO na WHO ni 40 kwa aspatemu, 15 kwa asesulfemu-K, 15 kwa sukralosi, 11 kwa siklameti na 5 kwa sakarini.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima mwenye kilo 60 huzidisha 60 kwa 40 akapata miligramu 2,400 za aspatemu kwa siku. Na kwa kuwa kopo moja la soda huwa na takriban miligramu 200 hadi 300, itambidi anywe zaidi ya makopo 8 ndipo avuke kiwango. Watu wazima wachache hufika huko.

Kwa mtoto hesabu hubadilika. Mtoto wa kilo 15 ana kiwango cha miligramu 165 tu za siklameti, na endapo kinywaji chake kina miligramu 250 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika vinywaji vya Umoja wa Ulaya, atafikia kikomo baada ya kunywa theluthi mbili za lita, yaani glasi kama 3 za kawaida. Katika siku ya joto, au katika futari ambapo jagi la juisi ya unga huwekwa mezani na kila mtu hujimiminia, mtoto anaweza kuzimaliza glasi hizo pasipo mzazi kutambua. Tena unga huo hukorogwa kwa makadirio, na pakiti iliyokusudiwa maji ya lita 2 ikitiwa katika lita 1 huongeza kiwango maradufu. Mzazi anayetumia unga wa juisi azingatie kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na asiufanye kinywaji cha kila siku.

Namna ya kusoma lebo

Maandishi makubwa ya mbele hutangaza bidhaa, ilhali orodha ya viungo iliyo nyuma kwa herufi ndogo ndiyo inayoeleza kilichomo. Mnunuzi afuate mambo yafuatayo:

1. Atafute namba 950, 951, 952, 954, 955, 960, 961 na 969 katika orodha ya viungo, iwe zimetanguliwa na herufi E au INS, kwa kuwa namba hizo hazibadiliki hata lugha ya lebo ikibadilika. Mbili za mwisho ni neotemu na adivantemu, ambazo ni tamu mara maelfu kuliko sukari.

2. Asidhani kwamba bidhaa yenye sukari haina viongeza utamu. Vinywaji vingi huchanganya vyote viwili ili kupunguza gharama, na mtu anayekwepa utamu bandia kwa kununua kinywaji cha kawaida huenda akaukuta humo humo.

3. Atofautishe tangazo la kuwa bidhaa haina sukari na lile la kuwa haikuongezwa sukari. La kwanza, kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, humaanisha kwamba sukari haizidi gramu 0.5 katika gramu au mililita 100. La pili huruhusu sukari yote iliyomo katika tunda lenyewe.

4. Atazame onyo la kuwapo kwa fenilalanini, ambalo huandikwa kwenye bidhaa zenye aspatemu kwa ajili ya watu watakaotajwa hapa chini.

Makundi yanayohitaji uangalifu zaidi

*Watu wenye kisukari.* Ushauri wa WHO wa mwaka 2023 haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na kwao viongeza utamu vina manufaa ya wazi, kwa sababu havipandishi glukosi kwa kasi kama sukari. Nusu lita ya soda ya kola yenye sukari kamili ina takriban gramu 50 za sukari, sawa na vijiko vidogo 10, na mgonjwa anayeiacha kwa ajili ya soda isiyo na sukari amepata unafuu wa kweli. Hata hivyo biskuti au keki iliyoandikwa kuwa ni ya wenye kisukari bado ina unga, na unga hugeuka glukosi. Kwa hiyo kipimo cha chakula hakibadiliki.

Lipo jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari lazima ilijue. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akatetemeka, akatoka jasho jingi, akachanganyikiwa. Wakati huo soda isiyo na sukari haimsaidii hata kidogo. Anahitaji sukari halisi, takriban gramu 15, yaani vijiko vidogo 3 hadi 4 vilivyokorogwa katika maji au nusu glasi ya soda yenye sukari kamili, kisha apimwe tena baada ya dakika 15 na kupewa nyingine iwapo hajapata nafuu. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitali mara moja. Familia iliyoondoa sukari yote nyumbani kwa nia njema iweke akiba ndogo ya sukari mahali panapojulikana na kila mtu.

*Watoto wadogo.* Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu viongeza utamu katika vyakula vya kawaida vya watoto walio chini ya miaka 3, na huo ni mfano mwema wa kufuatwa popote. Mtoto aliyezoeshwa utamu mkali mapema hukataa maji, uji usiotiwa kitu na matunda yasiyoiva sana, na kumrudisha nyuma huwa kazi ngumu.

*Wajawazito.* Viongeza utamu vilivyoidhinishwa havikatazwi kwa mjamzito kwa kiasi cha wastani, lakini kwa kuwa sakarini hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ni busara aiepuke na akate kiu kwa maji.

*Wenye fenilketonuria.* Huu ni ugonjwa adimu wa kurithi ambao huufanya mwili ushindwe kuvunja fenilalanini, ikajikusanya na kudhuru ubongo. Mtu mwenye ugonjwa huu haruhusiwi aspatemu kabisa, na kwake onyo la kwenye lebo ni amri.

Matumizi jikoni

Aspatemu hupoteza utamu ikichemshwa kwa muda mrefu, hivyo anayeitumia katika chai ya maziwa aitie kikombeni baada ya chai kuepuliwa. Sukralosi hustahimili moto zaidi, lakini taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini usalama wa chakula ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba ikipashwa joto la kuanzia nyuzi 120 za Selsiasi inaweza kutoa misombo ya klorini yenye madhara. Kwa hiyo ni vyema itiwe katika vyakula vilivyokwisha kuiva kuliko kuokwa au kukaangwa nayo. Sukari ina kazi nyingine mbali na utamu: ndiyo inayoshikamanisha kashata, inayofanya shira ya kaimati iwe nzito na inayoipa keki rangi ya hudhurungi, na hakuna kidonge kinachoweza kuzifanya kazi hizo. Anayetaka kuepuka madhara ya kashata ni heri ale kipande kidogo cha kashata halisi, kwa nadra, kuliko kutafuta inayoiga.

Isisahaulike pia kwamba asali, sukari guru na sukari ya rangi ya kahawia ni sukari, na mwili huzipokea hivyo. Aidha anayefuga mbwa asiache chingamu yenye zailitoli mahali mnyama anapoifikia, kwani hata kiasi kidogo humshusha sukari na kinaweza kumuua.

Hatua za kupunguza utamu wenyewe

WHO hushauri kwamba sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kuishusha chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko vidogo 5 hadi 6, huleta faida zaidi. Njia ya kufika huko ni kuufundisha ulimi upya, na ulimi hujifunza taratibu. Anayetia vijiko 3 katika chai ashuke hadi 2 na nusu kwa wiki kadhaa, kisha 2, akiendelea hivyo hadi ladha ya majani ya chai yenyewe irudi. Iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai humsaidia kutoona pengo. Juisi ya ukwaju au ya pasheni ikorogwe kwa maji mengi zaidi na sukari kidogo zaidi kila mara, na tunda zima lipewe nafasi mbele ya juisi yake, kwa sababu nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Katika safari hiyo kiongeza utamu kinaweza kutumika kama mkongojo: humsaidia anayekunywa soda kila siku kuachana nayo, lakini asiyeuweka chini baadaye hubaki na kiu ile ile ya utamu, na kiu hiyo ndiyo humrudisha kwenye sukari. Anayeanza nacho ajiwekee muda, apunguze idadi ya chupa kwa wiki, na nafasi inayobaki wazi aijaze kwa maji.

Uamuzi unaotokana na ushahidi uliopo ni huu: kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kidogo cha viongeza utamu vilivyoidhinishwa hakijathibitika kuwa sumu, wala hakijathibitika kuwa dawa ya unene. Mwenye kisukari anaweza kuvitumia kwa kiasi akiwa na sukari halisi ya dharura karibu, mtoto mdogo hana haja navyo, na kila mtu mwingine atafaidika zaidi kwa kupunguza utamu wenyewe kuliko kwa kubadilisha chanzo chake. Msomaji aanze na jambo moja leo: achukue kinywaji kinachotumika zaidi nyumbani kwake, akigeuze, na asome orodha ya viungo hadi mwisho kabla ya kukinunua tena.